Vidole vya bi harusi, na mkanda uliotupwa mapema

Bi harusi anainua mkono kumlisha bwana harusi keki. Mkono ukiwa umetulia, pete inaonekana, na hina inaonekana mpaka kwenye kucha. Ukisogea tu, kingo za vidole zinachanika kama meno ya chanuo, na kila kidole kinakuwa viwili. Ukitulia tena, meno yanapotea.

Hilo ni faili la MP4, limetoka kwenye mkanda wa VHS na sasa linazunguka kwenye kundi la ukoo. Watu wameweka mioyo, wengine wamelia. Mkanda wenyewe ulitupwa wiki ileile, kwa kuwa "umeshahamishwa" na ulikuwa unajaza kabati.

Faili hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa. Sababu ni kwamba yale meno hayakuwa tatizo la mkanda. Mkanda ulivumilia joto, chumvi ya hewani, mende na watoto kwa karibu miaka thelathini.

Meno yalipigiwa muhuri siku ya kuuokoa.

## Kabla ya kuugusa

Fungua mlango wa mbele wa kaseti. Pembeni kuna kitufe kidogo. Kibonyeze kwa kucha, kisha inua. Utepe ukionekana mweusi na laini, vizuri. Sasa angalia dirishani, pale utepe ulipojikunja. Ukiona unga mweupe au madoa ya kijivu kwenye kingo za mviringo ule, mkanda umeota ukungu.

Mkanda wenye ukungu hauingizwi kwenye deki. Hata mara moja, hata "kujaribu tu". Ukungu unabaki kwenye hedi (vichwa vidogo vinavyosoma utepe) na kwenye njia ya utepe, na mkanda utakaofuata, uliokuwa mzima, unaambukizwa.

Huku kwetu pwani hili ndilo la kwanza kuangalia, kwa sababu unyevu haupumziki. Weka kaseti kwenye kontena la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na vifuko kadhaa vya silika, na uiache wiki moja au mbili mpaka ukungu ukauke uwe unga. Mchele uache jikoni: hauvuti unyevu wa kutosha, na vumbi lake litakuongezea kazi. Jua nalo siyo dawa, maana plastiki ya kaseti ikipinda hutairudisha.

Ukishakauka, toka nje, vaa barakoa, na ufute utepe kwa kitambaa laini kikavu huku ukiuzungusha polepole kwa mkono. Tofauti na kaseti za redio, hapa penseli peke yake haitoshi. VHS ina breki ndani. Lazima ubonyeze kitundu kilicho katikati ya upande wa chini ndipo magurudumu yaachie. Gamba likiwa limepasuka au limejaa uchafu, fungua skrubu 5 za chini kwa bisibisi ya nyota, uhamishie magurudumu na utepe kwenye gamba la mkanda usio na thamani. Kabla ya kutoa chochote, piga picha ya jinsi utepe unavyopita. Vile vichuma na visprigi vidogo vya ndani vinaruka, na vikiruka havirudi vyenyewe.

Utepe ukiwa umekatika, usitumie selotepu ya kawaida. Gundi yake hutoka na kwenda kuganda kwenye hedi. Tumia utepe wa kuungia uliotengenezwa kwa kazi hiyo, uubandike upande wa nyuma, ule usiogusa hedi. Kipande kilichokunjamana kata utupe bila majuto: kwa kasi ya kawaida mkanda wa PAL, mfumo wa televisheni wa kwetu, unatembea milimita 23.39 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 5 ni sekunde 2 tu za harusi.

Jambo la mwisho, na ndilo watu wanalolisahau. Mgongoni mwa kaseti kuna kipande kidogo cha plastiki. Kivunje. Kama kilishavunjwa halafu mtu akabandika karatasi ili arekodie mpira juu yake, bandua hiyo karatasi. Kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kurekodi, hakuna programu duniani itakayomrudisha bi harusi.

## Pesa iende kwenye deki

Wengi huanzia dukani, kwenye kile kifaa kidogo cha USB cha kuingizia picha kwenye kompyuta, chenye waya nyekundu, nyeupe na njano. Wanauliza kipi ni kizuri. Halafu mkanda wanauchezesha kwenye deki yoyote iliyookotwa stoo.

Mimi ningepindua bajeti hiyo kichwa chini.

Picha inasomwa na dramu yenye kipenyo cha milimita 62 inayozunguka mara 25 kwa sekunde. Kila mstari inaousoma una upana wa mikroni 49, mwembamba kuliko unywele wa kawaida. Hedi ikiwa imelika, au mpira unaovuta utepe ukiwa umekauka, picha inaharibika hapo hapo, na kifaa cha USB hata kiwe cha bei gani kitakupa nakala safi ya uharibifu huo.

Deki za VHS hazitengenezwi tena. Funai, kampuni ya Japani iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo deki utakayoipata ni ya mtu, na mipira yake ina umri wake. Kabla ya kuipa mkanda wa maana, ipe mkanda wa takataka wenye urefu wa saa nzima. Cheza, simamisha, peleka mbele, rudisha, toa. Ikitafuna, tatizo mara nyingi ni kigurudumu cha mpira kinachozungusha upande wa kupokea: kimekuwa kigumu, kinateleza, utepe unamwagika ndani wakati mhimili unaovuta utepe bado unausukuma. Fundi wa redio wa zamani analijua hilo kwa kusikiliza tu.

Kusafisha hedi: isopropili ya asilimia 99, na kipande cha karatasi nyeupe ngumu au ngozi laini. Lowesha, kishikilie kimetulia ubavuni mwa dramu, kisha zungusha dramu kwa mkono kutoka juu yake. Karatasi haipandi wala haishuki. Pamba ya masikioni ndiyo adui mkubwa hapa, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye hedi na kuing'oa. Na usiguse dramu kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuleta chenga.

Peleka mkanda mbele mpaka mwisho na uurudishe mwanzo mara moja kabla ya kuucheza, ili mkazo wa utepe uwe sawa. Kisha rekebisha trakingi, yaani kulinganisha hedi na mistari ya utepe, kwa mkono. Ile ya kujirekebisha yenyewe hukosea sana kwenye mikanda iliyorekodiwa na mashine nyingine, yaani karibu yote.

Sikiliza pia. Mkanda wa Hi-Fi una sauti mbili: moja imewekwa na hedi zinazozunguka, nyingine iko kwenye ukingo wa utepe. Ya kwanza ni tamu, lakini trakingi ikiyumba kidogo inaleta mngurumo kama wa nyuki. Ukiusikia na hautulii, hamia sauti ya kawaida kwenye deki. Ni butu, lakini hotuba ya mzee itasikika.

## Angalia fremu za milango

Njia rahisi ya kujua kama picha imetulia ni kuacha watu na kuangalia mlango, nguzo au mlingoti wa hema. Kwenye picha nzuri umesimama wima. Kwenye nyingi unatetemeka kama unaonekana kupitia moshi, na juu kabisa ya skrini picha inapinda kama bendera kwenye upepo.

Sababu ni kwamba kila mstari wa picha unafika ukiwa umewahi au umechelewa kidogo. Televisheni za chogo zilivumilia hilo. Kifaa cha USB hakivumilii: kinakosa fremu (picha moja moja za video), kinarudia nyingine, na baada ya saa moja midomo inasema neno ambalo masikio yameshalisikia.

Dawa yake ni saketi inayopanga upya muda wa mistari, inayojulikana kwa herufi TBC. Baadhi ya deki za juu za S-VHS, toleo bora la VHS, zinayo ndani, kama Panasonic NV-FS200. Ziko wapi? Ughaibuni, na bei yake inakatisha tamaa. Lakini kuna njia ya maskini jeuri: rekoda ya DVD. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zina sifa hiyo. Huna haja ya kurekodi chochote humo. Unaingiza waya kutoka kwenye deki, unachagua njia ya AV, unatoa waya kwenda kwenye kifaa cha USB. Picha ikipita tu inatoka imenyooka. Zinafifisha kidogo vitu vidogo vidogo, ndiyo, na kwenye mkanda ambao haupindi sioni haja yake. Kwenye ule unaopinda, sijui kwa nini mtu ajinyime.

Rekoda na kifaa vikiwa na tundu la S-Video, lile la duara lenye pini 4, litumie kati yao badala ya waya wa njano. Rangi na mwanga vinapita kwenye nyaya tofauti, na rangi haitambai kwenye kingo.

## Mkanda wa shangazi wa Toronto

Mikanda yetu mingi ni ya PAL. Kisha kuna ule uliotumwa na shangazi aliyeko Kanada au Marekani, na huo ni wa NTSC, mfumo wa televisheni wa huko. Kwa miaka mingi tuliucheza bila shida kwenye deki za mifumo yote zilizoletwa kutoka Dubai, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kwamba ni tofauti.

Kompyuta inakumbuka.

Deki ya PAL inapocheza mkanda wa NTSC hutoa chotara: mistari 525 na mizunguko 60 ya NTSC, lakini rangi ya PAL. Televisheni zilikubali. Vifaa vingi vya USB huonyesha picha nyeusi na nyeupe, au inayobiringika, au hakuna kitu kabisa, na mtu anahukumu kwamba mkanda umekufa. Haujafa. Tafuta deki inayoweza kutoa NTSC halisi (nyingi za mifumo yote zina swichi nyuma au kwenye menyu), kisha kwenye kompyuta chagua NTSC na ukubwa wa 720 kwa 480. Mikanda ya PAL inabaki kwenye 720 kwa 576.

## Kanzu nyeupe

Wapiga video wa harusi walikuja na kijana wa kushika taa, na taa ile ilikuwa kali mno. Matokeo yake ni kanzu na shela ambazo tayari ziko ukingoni mwa weupe. Kifaa cha USB, kwa mipangilio yake ya kiwandani, mara nyingi huongeza mwanga na utofauti, na darizi ya shingoni inapotea kwenye weupe mtupu.

Kitu kikishapotea wakati wa kunasa, yaani kuingiza picha kwenye kompyuta, hakirudi.

Tumia programu ya VirtualDub2 kunasa, fungua grafu yake ya mwanga, cheza sehemu yenye kanzu nyingi, kisha shusha mwanga na utofauti mpaka vilele vya kulia viache kugonga ukuta. Picha itaonekana imefifia. Iache ififie hivyo hivyo. Utaing'arisha baadaye, ukiwa na kitu cha kung'arisha.

Hifadhi kwa kodeki (njia ya kubana video) isiyotupa kitu, HuffYUV au Lagarith. Utatumia kati ya GB 25 na 40 kwa saa moja, na mkanda wa E-180 wa saa 3 unaweza kufika GB 120. Ndiyo, ni kubwa. Ni ya muda, na ndiyo asili yako. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia habu, zima masasisho na antivairasi kwa muda huo, na angalia namba ya fremu zilizoangushwa. Chache kwenye mkanda mzima zinavumilika. Zikiongezeka kila dakika, simamisha utafute sababu. Usijidanganye kwamba utarekebisha sauti baadaye.

Kuhusu umeme, neno moja: UPS, betri ya akiba. Iwe kwa deki na kompyuta vyote. Umeme ukikatika utepe ukiwa umezungushwa kwenye dramu, mkanda unakwama ndani, na faili la AVI linabaki bila faharasa yake. Faili mara nyingi huokolewa. Utepe uliovutwa kwa hasira hauokolewi, kwa hiyo subiri umeme urudi na uache deki iutoe yenyewe.

## Meno yanatoka wapi

Turudi kwa bi harusi.

PAL haikuwahi kuwa na picha 25 nzima kwa sekunde. Ina nusu-picha 50. Nusu ya kwanza ina mistari 1, 3, 5. Ya pili ina 2, 4, 6, na imepigwa sehemu ya 1/50 ya sekunde baadaye. Katika muda huo mkono umeshasogea. Televisheni ya chogo ilizionyesha moja baada ya nyingine na macho yakaona mwendo laini. Kompyuta inazibandika pamoja kama picha moja, ndiyo maana mkono uko sehemu mbili kwa wakati mmoja, mstari kwa mstari.

Hayo si kasoro. Katika faili la asili, mistari hiyo ni hazina: ndani yake mna mwendo wote. Kasoro inakuja pale programu inapokandamiza picha hiyo kwenda 640 kwa 480 bila kuzitenganisha nusu zake. Mistari inayeyukiana, meno yanakuwa sehemu ya ngozi, na hakuna kichujio kinachoweza kusema huu mstari ulikuwa wa nusu ipi. Ndicho kilichofanyika kwenye lile faili la ukoo. Ni kubonyeza sehemu moja tu vibaya.

Kwa hiyo tenganisha kwanza, ndipo ubadilishe ukubwa. Kwa programu ya ffmpeg, mstari mmoja wa amri unatosha:

`ffmpeg -i asili.avi -vf "bwdif=1:0,scale=768:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k nakala.mp4`

Ile 1 inageuza kila nusu kuwa fremu yake, unapata fremu 50 kwa sekunde na mwendo uleule wa zamani. Ile 0 inasema nusu ya juu ndiyo ya kwanza, na vifaa vingi vya USB viko hivyo; faili la DV kutoka kwenye kamera huwa kinyume, weka 1. Ukikosea utajua mara moja, kwa sababu watu watacheza mbele-nyuma, mbele-nyuma kama wana kwikwi. Ukubwa wa 768 kwa 576 unazuia nyuso kunyooshwa, na yuv420p isipokuwepo simu nyingi zitagoma kufungua. Mistari michache ya chenga chini kabisa ni mahali hedi zinapopokezana; iko kwenye kila mkanda, ikikukera ikate.

Nakala ya 1080 usijisumbue. VHS ina takriban mistari 240 ya undani kwa mlalo. Kupanua hakuongezi uso.

## Mkanda wa kina mama

Hapa ndipo nilipokwama zaidi, na hapana waya unaohusika.

Kwenye makabati ya pwani kuna mkanda wa pili, usioandikwa kitu au ulioandikwa "kupamba". Umepigwa na mwanamke, ndani ya ukumbi wa wanawake, watu wakiwa wamevua mabaibui na wanajua kwamba kina baba hawatauona. Mkanda ulilinda siri kwa uzito wake. Ili uutazame ilibidi uwe na deki, sebule, na mwenye funguo za kabati.

MP4 haina funguo.

Waliomo hawakuulizwa kuhusu simu, kwa sababu simu hizo hazikuwepo. Wengine ni bibi sasa, wengine wametangulia mbele ya haki. Kijana wa ukoo anayejua kompyuta ndiye anayepewa mkanda, na ili kupanga mwanga na kusikiliza sauti lazima atazame. Nimefika mahali nadhani mkanda huo uhamishwe na mwanamke wa familia hiyo, hata kama itabidi afundishwe kila hatua iliyoandikwa hapo juu, au usubiri. Faili liingie kwenye flashi yenye nywila akabidhiwe mwenyewe. Lisipandishwe YouTube hata kwa kiungo cha siri, na lisikatwe vipande vya kutuma kwenye kundi. Kipande kimoja kikishatoka, umeshawaamulia watu hamsini.

Kuna wanaosema kusubiri ni kuuacha ufe. Inawezekana. Ukungu hausubiri ruhusa.

## Baada ya hapo

Hifadhi asili mahali pawili tofauti, nyumba mbili ikiwezekana. DVD za kuchoma siziamini tena kama hifadhi, hasa kwenye joto letu. Kama studio iliwahi kukupa DVD miaka hiyo na bado inasoma, nakili mafaili yake yalivyo leo hii.

Mkanda urudishe mwanzo wote, uuweke kwenye jalada lake, usimamishe wima kama kitabu, mbali na spika kubwa. Kabla hujaufunga, piga picha ya karatasi ya mgongoni. Mara nyingi ndiyo mahali pekee palipoandikwa tarehe, jina la ukumbi, na kwa mwandiko wa mtu ambaye wote mnamjua: "Sehemu ya 2 kati ya 2". Kisha anza kuulizia nani alichukua sehemu ya 1.